Maneno Niliyomwekea Bibi Katarina Mdomoni

Jumanne, 3 Desemba

Nimemaliza kukamua. Mikono bado inanuka maziwa, kwa hiyo na ukurasa huu utanuka. Si kitu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Hata mama. Jana nilitafsiri uongo.

Niandike vizuri ili siku nyingine nikisoma nielewe. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kukaa nyumbani tu siwezi, kwa hiyo najitolea ofisi ya kata kwa Madam Zuhura, afisa maendeleo ya jamii. Yeye ni mtu wa Kigoma. Anavaa makoti mawili juu ya hijabu na bado anasema Mbulu itamuua kwa baridi. Kiiraqw anajua neno moja tu, "saita", na anawasalimia nalo hata watoto wachanga. Tunapita nyumba kwa nyumba. Anawauliza wazee swali moja: kijiji kifanye nini ili watoto wetu wasiingie kwenye wizi? Si wakishaiba. Kabla. Majibu yataingia kwenye sheria ndogo ya kijiji. Wazee wanajibu kwa Kiiraqw, mimi nasema kwa Kiswahili.

Mimi siwezi kusema mbele za watu. Shuleni siku ya mdahalo nilijificha chooni mpaka kengele ikalia. Lakini nikitafsiri sauti inatoka. Labda kwa sababu maneno si yangu.

Jana tulikuwa kwa Bibi Katarina, juu kabisa ya kilima. Ni mjane, ana kondoo wengi na mdomo mkali. Sola yake iliibwa mwezi wa kumi. Madam akauliza swali lake. Bibi akajibu kwa sauti mpaka kuku wakasogea. Wachapwe. Wachapwe mbele ya ofisi, mama zao wakiangalia. Halafu akainuka kumfukuza ndama aliyeingia kwenye mahindi.

Madam akanigeukia, kalamu tayari. Nikafungua mdomo. Nikasema: "Bibi anasema wakabidhiwe kondoo wa kutunza."

Madam akaacha kuandika. Akaniangalia. Akaandika tena, haraka sana.

Nina aibu. Pia nina furaha ya ajabu. Sijawahi kusema kitu kikubwa namna hiyo.

Jumatano, 4 Desemba

Nimefikiria neno lile lilitoka wapi. Najua.

Kwetu mwenye mifugo mingi hakai nayo yote zizini kwake. Anampelekea mwingine amtunzie. Kondoo anabaki wa mwenyewe, lakini anayetunza anapata chake wakizaana. Nyumba hizo mbili zinakuwa kama ndugu. Kondoo akikohoa unakwenda kusema. Mwenye kondoo anaingia kwako bila hodi ndefu. Lakini ni mambo ya watu wazima wenye nyumba zao. Mtoto hapewi. Mwizi hata kutajwa hatajwi.

Nilipokuwa darasa la nne, shangazi wa Maretadu alimpa baba kondoo jike amtunzie. Baba akanikabidhi mimi. Nilimwogopea yule kondoo kuliko nilivyomwogopa mwalimu wa hesabu. Jioni wenzangu wakienda kuzurura senta, mimi nilikuwa na mtu wa kumfungia mlango.

Basi. Neno limetoka huko.

Ijumaa, 6 Desemba

Mambo yamepamba moto. Mwenyekiti mpya wa kijiji ameleta rasimu yake ofisini, ameiandika mwenyewe. Mtoto yeyote atakayeonekana nje baada ya jua kuzama: viboko. Mzazi wake: faini ya mbuzi. Watakaochapa ni mgambo. Itasomwa kwenye mkutano mkuu Jumamosi ya tarehe 21, watu wapige kura.

Madam alimwambia Sheria ya Mtoto hairuhusu, wilayani watairudisha. Mwenyekiti akacheka kwa upole. "Madam, mpaka irudi kutoka wilayani sisi tutakuwa tumeshawanyoosha."

Si mtu mbaya. Ameibiwa betri mara mbili. Hapa kwetu mluzi ukisikika baada ya jua kuzama, kila mtu anakimbia nje kuangalia sola yake. Maana mluzi ndiyo ishara. Mmoja anakaa njiani anapiga mluzi, wengine wanafungua sola juu ya bati.

Na anayepiga mluzi tunamjua. Sesilia. Nilikaa naye dawati moja mpaka darasa la saba. Hesabu alinifundisha yeye. Mtihani wa taifa mimi nikafaulu, yeye akaugua wiki ile ile na hakufaulu. Ana miaka kumi na sita. Mwezi uliopita alikamatwa mnadani na betri ya mtu. Mwenyekiti amesema sheria ikipita ataanza na yeye, awe mfano.

Sikulijua hilo niliposema habari ya kondoo. Au labda nililijua.

Jumanne, 10 Desemba

Siku nzuri kuliko zote tangu nimalize shule!

Madam amefunga mlango wa ofisi, amewasha jiko la mkaa, tumekaa kutunga masharti ya kondoo. Kumbe sheria inatungwa hivyo. Unauliza swali dogo baya, unalijibu, linazaa jingine. Kondoo akifa? Kama ni ugonjwa mtoto halipi, lakini lazima aseme siku hiyo hiyo. Akimuuza? Ndiyo wizi, na watu wa nyumba zote mbili wanaitwa. Mwanakondoo wa kwanza wa nani? Wa mwenye kondoo. Wa pili? Wa mtoto, na hakuna mtu wa kumnyang'anya, hata baba yake. Nani apewe? Kila aliyemaliza darasa la saba akakosa pa kwenda. Kila mmoja, si wezi peke yao, isije ikaonekana wizi unalipa. Mwenye kondoo anampitia mtoto kila wiki, anaingia ndani, anaketi. Hapo ndipo penyewe. Kondoo ni sababu tu ya mtu mzima kuja kukuangalia.

Nimeona haya kuyaandika, lakini mengi nimeyasema mimi. Sikusema ni yangu. Kila nikipata wazo nasema, "Bibi Katarina aliongeza pia kwamba..." Madam anapiga meza. "Huyu bibi! Huyu bibi angekuwa bungeni!"

Bibi Katarina amekuwa na akili nyingi sana wiki hii.

Madam aliuliza, nani achague mtoto? Nikasema, "Bibi alisema mwenye kondoo achague mwenyewe, maana ni mali yake." Akaandika.

Nimerudi nyumbani nikikimbia. Bila sababu. Nilikuwa nakimbia tu.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekwisha.

Madam amerudi kutoka mjini Mbulu. Mwanasheria wa wilaya amemwambia kijiji hakiwezi kujipa ruhusa ya kumchapa mtoto, lakini mpango wa kondoo unaweza kuwa azimio la mkutano mkuu, tena ni jambo zuri, wataufuatilia. Nilikuwa naruka moyoni. Kisha akasema: "Siku ya mkutano Bibi Katarina asimame mwenyewe, aeleze wazo lake. Watu watamsikiliza yeye kuliko mimi mgeni."

Nikasema Bibi ana miguu mibovu.

"Tutampelekea bodaboda, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Jumamosi, 14 Desemba

Leo nimetimiza miaka kumi na minane. Mama amechinja jogoo. Baba amenipa mkono kama mwanaume mwenzake, mimi binti yake, yeye ni hivyo.

Maana yake ni moja: tarehe 21 nina haki ya kunyoosha mkono mkutanoni. Na ya kusema.

Asubuhi nimejaribu kuwahutubia ng'ombe. Nilifika "Ndugu wananchi" nikasikia aibu mbele ya ng'ombe.

Jumatatu, 16 Desemba

Nilipanda kwa Bibi Katarina kumwambia ukweli. Nilishuka na ndoo ya viazi.

Ilikuwa hivi. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, shika jembe. Nikapalilia maharage yake mpaka mchana huku namtafutia neno la kuanzia. Kila nikifungua mdomo ananiambia nimekata mche. Mwisho akauliza, "Yule mgeni wenu wa makoti, aliyaandika niliyosema?"

"Ndiyo, Bibi."

"Yote?"

"Yote, Bibi."

Akafurahi. Ndiyo maana akanipa viazi.

Najichukia. Viazi ni vitamu.

Jumatano, 18 Desemba

Nimemkuta Sesilia bombani. Hatujazungumza tangu mwaka juzi. Alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa ndoo yake kama mwenyekiti.

"Sekretari! Shikamoo."

"Acha bwana."

"Jumamosi ndiyo mnanichapa?"

Nikasema sijui. Nikasema labda hawatakuchapa. Alicheka, lakini alikuwa anabandua rangi ya ndoo kwa kucha, hakuacha.

"Mwambie Mwenyekiti asichelewe, nina safari zangu." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Eti kuna habari za kondoo?"

Nikamweleza. Niliongea mpaka maji ya ndoo yangu yakamwagika. Alinisikiliza hadi mwisho, kama zamani tukiwa dawatini, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini mimi nani atanipa? Siku hizi nikiingia kwa mtu wanahesabu vijiko."

Akajitwika ndoo akaenda. Nimebaki na hasira. Si kwake. Sijui kwa nani.

Ijumaa, 20 Desemba

Kesho. Nimekwenda kitandani bila kula. Mama anadhani ni malaria.

Jumamosi, 21 Desemba

Sijavua hata viatu. Naandika hivyo hivyo.

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya uchaguzi. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye nyasi, mgambo wamesimama na fimbo zao kana kwamba kura imeshapigwa. Sesilia alikuwa nyuma kabisa na mama yake. Mama yake alikuwa amejifunika khanga mpaka machoni. Mzee mmoja alifungua kwa slufay, ile sala yetu ya baraka, na sisi tukaitikia wote kwa pamoja kila alipotua. Hapo nilipata nguvu kidogo. Kuitikia naweza.

Mwenyekiti akasoma rasimu yake. Makofi. Makofi mengi.

Madam akasimama na mpango wake wa kondoo. Baba Elia, ambaye hata msibani hachoki kutania, akapaza sauti: "Kwa hiyo mimi leo naiba, kesho mnanipa fahali?" Watu wakacheka vibaya. Madam hakutikisika. Akasema wazo hili si lake wala la wilaya, ni la mzee wetu wa hapa hapa. Bibi Katarina, karibu.

Bibi akainuka. Alikuwa amevaa shuka yake nzuri ya Krismasi. Akauliza kwa Kiiraqw, "Mimi?"

Wakamweleza.

"Mimi nilisema wachapwe."

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Madam alinigeukia nimtafsirie. Sikuweza. Mwingine akamtafsiria. Madam akasema taratibu, kwa heshima kabisa, "Bibi amesahau kidogo. Ni umri." Na hilo nalo likatafsiriwa. Wakacheka zaidi. Mtu akasema, uzee huo, mkalisheni. Bibi akatazama huku na huku. Sijawahi kuona uso wake hivyo. Alikuwa anajiuliza kama kweli amesahau.

Hapo nikasimama. Sikuamua. Nilijikuta nimesimama.

Nikasema, kwa Kiiraqw, "Bibi hajasahau kitu. Alisema wachapwe. Kondoo nimesema mimi. Nilimwekea maneno mdomoni."

Nilisikia bendera ya ofisi ikipiga mlingoti. Madam alikuwa ananitazama, haelewi. Basi nikamgeukia nikayasema tena kwa Kiswahili. Nikajitafsiri mwenyewe. Alifunga macho.

Kukaa sasa kungekuwa upumbavu, kwa hiyo nikaendelea. Niliogopa nikiacha sitaanza tena maisha yangu yote. Nilisema habari za kondoo wa shangazi. Nilisema mtoto mwenye kondoo wa kumfungia mlango jioni hana muda wa kukaa njiani. Nilisema kiboko kinamfikia aliyekwisha kuiba, je, huyu ambaye bado? Baba Elia akauliza tena habari ya fahali wake. Nikamwambia, "Baba Elia, wewe hupewi, utamla." Mungu wangu. Nilimwambia hivyo mtu mzima mbele ya kijiji. Walicheka, na safari hii kicheko kilikuwa upande wangu. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote.

Mwenyekiti hakucheka. Akasema: binti amekiri uongo hadharani, sasa tumwamini kwa lipi? Swali la haki. Nikasema, "Msiniamini mimi. Jaribuni."

Wakabishana mpaka mawingu yakashuka. Mwisho Mwenyekiti, nampa haki yake, akaweka sawa: viboko visubiri. Kondoo wajaribiwe. Tukifika Januari bila nyumba za kutosha kujitokeza, rasimu yake inarudi. Mikono. Nikanyoosha wangu, wa kwanza katika maisha yangu. Ikapita. Kwa shida, lakini imepita!

Ndipo Madam akauliza, nani wa kwanza kutoa kondoo?

Hakuna. Watu wakaanza kutazama mvua inakotokea.

Baba akasimama. Baba yangu ambaye kwenye mikutano hata kukohoa hakohoi. Akasema, "Nina mmoja," akaketi.

Nililia. Nimeandika.

Jumapili, 22 Desemba

Kanisani Bibi Katarina alinipita mlangoni. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikasema tena. Akaenda.

Kwetu hilo ni kubwa kuliko kiboko.

Madam amenipigia simu. Alikasirika, akasema kazi yetu ingeweza kuharibika yote, na kwamba alimdhalilisha mzee kwa sababu yangu. Ni kweli. Halafu akauliza, "Na yale masharti yote? Yale ya 'Bibi aliongeza pia'?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Kesho uje mapema." Akakata.

Jumamosi, 28 Desemba

Wanakuja! Mkatekista ametoa. Mama Elia ametoa, mumewe akipiga kelele. Mwalimu mkuu, wa Singida yule, hana kondoo, amenunua. Jana wamekuja watu wa kitongoji cha chini wakauliza kama mbuzi anaruhusiwa. Tukakaa kikao cha dharura mimi na Madam kuhusu mbuzi. Anaruhusiwa!

Mwenyekiti alipita ofisini akasimama mlangoni. Akasema, "Mnakwenda vizuri." Alisema kama mtu anayeng'olewa jino, lakini alisema.

Madam alicheza. Na makoti yake yote.

Jumatatu, 30 Desemba

Leo nimeona kosa. Nimekaa nalo tangu mchana kama jiwe kwenye kiatu.

Kondoo wametoka, ndiyo. Wamekwenda kwa nani? Kwa mwanakwaya. Kwa mpwa wa mkatekista. Kwa kijana mpole aliyechaguliwa na Mama Elia, ambaye hajawahi kuiba hata embe. Kila mtu amechagua mtoto mzuri. Nani atakayempelekea kondoo wake mtoto anayeogopwa? Wale wa mluzi hawakupata hata mmoja.

Nimemuuliza baba kwa nini hakumpa Sesilia. Alikuwa ananoa panga. Akasema, "Mwanangu, kondoo wangu ni mmoja." Hakuwa na ubaya. Ndiyo hesabu yake.

Na aliyesema mwenye kondoo achague ni nani? Mimi. Nilimsingizia Bibi, lakini ni mimi. Nimetunga kitu kizuri cha kuwalinda wasiohitaji kulindwa.

Alhamisi, 2 Januari

Tumekaa na Madam kurekebisha. Hakunikemea. Alisema sera nyingi za nchi hii zina shimo hilo hilo, sisi tumeliona mapema. Tunataka kamati ya kijiji ndiyo iwaunganishe, na kila nyumba ya pili ichukue mtoto aliyewahi kuitwa ofisini. Lakini lazima mkutano mwingine, na Mwenyekiti amesema mpaka mwezi wa tatu, watu wanapalilia.

Mwezi wa tatu Sesilia hatakuwepo. Mama yake anampeleka Gehandu kwa ndugu, huko Hanang, akachunge ng'ombe wa watu. Wataondoka baada ya Jumapili. Hawezi tena kupita njiani na binti ambaye kila mtu anavuta mlango akimwona.

Nilidhani nikipata sauti kila kitu kitakwenda. Sauti nimepata. Haikutosha.

Jumatatu, 6 Januari

Mama alinipa chumvi ya mifugo nimpelekee Bibi Katarina, tena akasema usirudi bila kuomba msamaha. Kwa hiyo mama anajua mambo kuliko ninavyofikiri.

Nilifika, nikasimama uani. Shikamoo. Kimya. Nikaweka chumvi chini. Nikasema, "Bibi, nisamehe. Nilikuwekea maneno, watu wakakucheka." Alikuwa anachambua maharage. Alichambua mpaka ungo ukaisha ndipo akaongea.

"Usiku ule sikulala. Nilijiuliza, Katarina, umeanza kuwa mjinga? Wewe ulinifanyia hivyo."

Machozi tu.

"Marahaba," akasema. Ya ile shikamoo ya mlangoni kanisani, au ya leo, sijui. Nimeichukua kwa zote mbili.

Ndipo nikasikia mluzi. Karibu. Nyuma ya nyumba. Niliruka, nikatazama bati lake, kwa mazoea. Bibi wala hakuinua kichwa.

Kondoo wakaja kwenye kona ya nyumba mmoja mmoja, wakiufuata mluzi, na nyuma yao Sesilia. Ana fimbo, ana matope mpaka magotini. Pembeni yake kondoo jike mweupe, sikio moja jeusi, kamfunga kamba ya khanga shingoni asichanganyike. Aliponiona alisimama. Halafu akacheka kile kicheko chake cha darasani.

Gehandu haendi. Alikuja mwenyewe kwa Bibi juzi Jumamosi. Akamwambia, mimi ndiye niliyepiga mluzi siku ya sola yako. Bibi akamchapa? Nilimuuliza Bibi hivyo.

"Nilimchapa. Kimoja. Kisha nikampa huyo wa sikio jeusi." Akaniangalia kwa jicho kali. "Alipiga mluzi sola yangu ikaenda. Sasa apige mluzi kondoo wangu warudi."

Nilitaka kuruka. Nikasema Bibi, lazima nimwambie Madam, na Mwenyekiti, na kila mtu, hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta...

"Hutamwambia mtu."

"Lakini Bibi, wewe ungehesabiwa kwenye waliotoa..."

"Sitaki kuhesabiwa. Mimi nilisimama mbele ya kijiji nikasema wachapwe. Mpaka leo nasema wachapwe. Wakijua, kesho nitakuwa na wezi wote wa Mbulu mlangoni wananililia." Akachukua chumvi yake. "Ukisema, nitasema ni uongo wako. Tuone watamwamini nani."

Sesilia alikuwa anakufa kwa kicheko.

Nimeshuka kilima nikiimba. Kwa sauti. Watu wawili wamenisikia na sikuacha.

Jumamosi, 11 Januari

Mvua imenyesha asubuhi, imekatika. Nimepalilia na baba mpaka mistari minne ya mwisho. Mahindi yamefika kiunoni.

Jioni hewa ilikuwa safi. Kilima chote kilionekana, mpaka nyumba ya Bibi. Mtu mdogo alikuwa anatembea kwenye majani kule juu, na vitu vyeupe mbele yake.

Mluzi ukashuka mpaka shambani kwetu. Mrefu, halafu mfupi.

Baba aliacha jembe. Akatazama sola yetu kwanza. Ipo. Akatazama kilimani, mkono juu ya macho.

"Nani huyo?"

"Ndege," nikasema.

Alikaa akitazama muda mrefu. Sidhani kama aliniamini. Akarudi kwenye jembe lake.

Na wewe, daftari, ukiulizwa, useme hivyo hivyo. Ni ndege.